Mita Mia Tatu Kusini

Asubuhi ile watu wa kamati ya bonde walipokuja na debe la rangi nyekundu, Nabintu alikuwa ameinama uani akichuja chai. Kwanza alisikia vishindo vya miguu mingi upande wa juu wa mtaa. Kisha mwanamke akapiga yowe, yowe la msiba kabisa. Nabintu akaiacha chai pale pale, akakaza kitenge kiunoni, akapanda kichochoro mbio. Alipofika juu alikuta milango imepigwa alama ya msalaba, mmoja baada ya mwingine, rangi bado inachuruzika hadi vizingitini. Mtu aliyeshika brashi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati. Kila baada ya nyumba tano sita aliitoa, akaikunjua juu ya ukuta, akahesabu mapaa kwa kidole, akaendelea kupaka.

Nabintu aliitambua karatasi ile akiwa bado mbali. Yeye ndiye aliyeichora.

Alisimama katikati ya njia kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Alidhani ramani huwekwa mezani, watu wakabishana juu yake, ikatiwa saini, ikalala kabatini mwaka mzima. Hakuwahi kuwaza kwamba ingefika mlangoni mwa watu ndani ya siku mbili tu, tena ifike na rangi. Milango sitini na moja. Hesabu hiyo aliijua, maana kompyuta ilikuwa imemhesabia alipobonyeza kitufe, na siku ile aliiona namba ndogo tu pembeni mwa kioo.

Basi huyu Nabintu alikuwa Mshi wa Walungu, kule Kongo upande wa Bukavu. Yeye na mumewe Bisimwa waliingia Kampala mwaka 2008, mtoto wao Darlène yuko mgongoni, wakiwa na sufuria moja na kitambulisho kimoja kilicholowa maji. Aliyewafungulia mlango kwenye mtaa wa Bwaise alikuwa mwanamke wa Kiacholi, Mama Adyero, muuzaji wa siagi ya simsim, yaani ufuta, ambaye naye aliwahi kuikimbia vita ya kaskazini. Aliwapa chumba cha nyuma na hakuwauliza maswali. Bisimwa akapata kazi Katwe, kwenye karakana za kuchomelea milango na madirisha. Nabintu akawa anachukua vitenge soko la Owino na kuvitembeza Bwaise nzima, kichochoro kwa kichochoro, mpaka akakijua kila kibaraza na kila mbwa. Mwaka wa nne wakanunua kibanja, kipande chao wenyewe cha ardhi, chini karibu na mfereji, wakapata barua yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, na Bisimwa akajenga vyumba viwili kwa mikono yake. Mvua kubwa ikinyesha maji yaliingia mpaka magotini. Lakini palikuwa pao.

Mwaka uliofuata likaja shirika dogo la kuchora ramani za mitaa. Watu wake wengi walijua Kiganda na Kiingereza tu, ila mitaa ile ilijaa Wakongomani na Wakenya waliokuwa wakiongea Kiswahili tu, kila mmoja cha kwao. Wakatafuta mkalimani, wakaelekezwa kwa mama wa vitenge. Kiongozi wa kazi alikuwa Obura, mpima ardhi kutoka Siaya, mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa pua, ambaye wote pale walimwita Mwalimu.

Siku ya tatu ya kazi Obura alifungua kompyuta ofisini na kumwita.

"Dada Nabintu, njoo uone. Unakaa wapi?"

"Si kule chini kwenye mfereji, Mwalimu."

Obura akasogeza picha, akaikuza, akaikuza tena. Mapaa yakajaa kioo chote kama kadi zilizomwagwa. Halafu Nabintu akaona bati moja lenye tairi juu yake, lile tairi Bisimwa alilolipandisha ili upepo using'oe mabati. Alirudi nyuma hatua mbili, akakumba kiti.

"Nani alipanda juu kutupiga picha?"

"Hakuna aliyepanda. Ni satelaiti. Inapita huko juu kabisa."

"Tangu lini?"

"Miaka mingi."

Aliitazama nyumba yake kama mtu aliyekutwa anaoga. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama inafika Kongo. Obura akasema inafika popote. Wakaanza kuitafuta Walungu, Nabintu akimwelekeza: barabara hii, kanisa lile, teremka, vuka kijito. Kilima kilipotokea alikijua mara moja kwa mgongo wake. Lakini mahali pa migomba ya baba yake palikuwa pekundu, pametobolewa mashimo mashimo, na kando ya mashimo kuna maturubai ya bluu. Walikuwa wakichimba dhahabu. Nabintu alitia kidole juu ya kioo, akakitoa haraka kana kwamba kinaunguza. Baba yake alikufa akisema ipo siku watarudi kulima pale. Na hapakuwa na karatasi hata moja duniani iliyosema kwamba pale palikuwa pake.

Hakulia. Alimgeukia Obura na kumwambia, "Nifundishe hii kitu."

Alifundishwa. Kwa miezi mitano, kila jioni baada ya kuuza vitenge, alikaa na ile kompyuta kuukuu ya ofisi akijifunza kufuata kona za nyumba kwa kipanya, kufunga umbo, kuliandikia jina. Alijifunza kutembea na jipiesi, kidude kile cha mkononi kinachoongea na satelaiti na kukupa namba za mahali uliposimama. Alijifunza kwamba ramani ni matabaka: nyumba tabaka lake, njia tabaka lake, mifereji lake, vyoo lake, na unayapanga moja juu ya jingine mpaka mtaa unatokea. Mwanzoni alikosea sana. Kuna siku alikipa choo cha jirani ukubwa wa uwanja wa mpira, Obura akacheka mpaka machozi. Lakini alikuwa na kitu ambacho wengine pale ofisini hawakuwa nacho: picha ikionyesha paa, yeye alimjua anayelala chini yake.

"Kompyuta haiijui Bwaise," Obura alimwambia. "Inajua namba tu. Ukiipa namba mbovu, itakuchorea uongo mzuri sana."

Nabintu aliitikia kwa kichwa. Alidhani ameelewa.

Mwezi wa nane kamati ya bonde ilitaka kujua mpaka halisi wa ardhi oevu. Mfereji ungepanuliwa, na waliojenga ndani ya bonde wangehamishwa. Ikapatikana karatasi ya zamani, nakala ya nakala, yenye orodha ya mawe arobaini na matatu ya mpaka na namba za mahali kila jiwe liliposimikwa. Kazi ilikuwa kuziingiza namba zile na kuchora mstari unaolizunguka bonde. Siku karatasi ilipofika, Obura alipigiwa simu kwamba mama yake amefariki. Alipakia begi haraka.

"Ingiza namba, chora mstari," alimwambia Nabintu. "Usiitoe nje. Nikirudi tutaenda kuyatafuta hayo mawe kwa miguu."

Nabintu aliziingiza, moja baada ya nyingine, akizikagua mara mbili mbili. Mstari ulipojitokeza, alishtuka. Ulikuwa umekata juu, katikati ya nyumba za watu waliokaa pakavu miaka yote, na upande wa chini ulikuwa umeishia kabla ya kufika kwake. Tena mfereji wenyewe, maji yenyewe, yalikuwa nje ya bonde. Aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Akajiambia kwamba labda zamani maji yalipita kwingine. Akajiambia kwamba hii ni karatasi ya serikali, na yeye ni nani. Kisha akaitafuta nyumba yake, akaiona imesalimika, akashusha pumzi. Ile pumzi aliikumbuka baadaye, ikamchoma kuliko yote.

Kesho yake mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kiyimba, alikuja ofisini, akamwita mama kwa Kiganda.

"Nnyabo, mukutano iko kesho. Reta ramani."

"Mzee, Mwalimu amesafiri. Tungoje arudi."

"Ungoje nini? Wewe nasoma miezi yote hiyo ya nini? Umesoma ama hujasoma?"

Watu wote wa ofisi walikuwa wakimtazama. Mkimbizi, mama wa vitenge, anaulizwa na mwenyekiti mzima kama amesoma. Alibonyeza kitufe, printa ikakoroma, karatasi ikatoka ingali na joto. Akampa.

Na sasa rangi ilikuwa inachuruzika.

Nyumba ya Mama Adyero ilikuwa ya tisa. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mgongo wake umeugusa ule msalaba, hana habari kwamba rangi inamchafua. Watu walikuwa wakipiga kelele kwamba kwao maji hayajawahi kufika hata siku moja. Mtu wa brashi aliwajibu kwamba yeye anafuata ramani, na kwamba wana siku thelathini.

"Mwanangu," Mama Adyero alisema alipomwona, "wanasema hiyo karatasi ni yako."

Nabintu alisema kuna mawe, mama, ya zamani, serikali iliyaweka, yeye amefuata tu namba za mawe.

"Maji yanaingia kwako, rangi inakuja kwangu?"

Nabintu alianza kuifuta rangi begani mwake kwa ncha ya kitenge.

"Basi nenda uniletee habari ya hilo jiwe. Nataka kuliona jiwe linalonifukuza."

Kabla Nabintu hajalitafuta jiwe lolote, jambo jingine lilitokea lililomkata maini. Siku ya pili yake alipopita pale juu alikuta nyumba ya Mama Adyero haina paa. Kuta zimesimama, kitanda kiko juani, na mabati yote yameondoka kwenye lori la mnunuzi. Mwanamke yule alikuwa akifunga sufuria zake kwa kamba.

"Mama, siku thelathini bado! Umefanya nini?"

"Kule kwetu nilingoja," alisema Mama Adyero bila kuinua kichwa. "Nilingoja mpaka wakafika. Safari hii nitakuwa nimeondoka wakija."

Nabintu alishuka pale mbio. Alienda ofisini, akachukua jipiesi bila kumwomba mtu ruhusa, akaanza kuyatafuta mawe. Jiwe la tano, namba zilimpeleka katikati ya kibanda cha chapati. Hapakuwa na kitu. Jiwe la tisa likampeleka chooni. La kumi na moja likamfikisha kwenye barabara ya lami. Alizunguka asubuhi nzima akipiga magoti, akifukua kwa kijiti, watu wakimwangalia kama aliyerukwa na akili. Mawe arobaini na matatu hayawezi kuyeyuka yote.

Ilipofika saa nane, kiu ilimteremsha mpaka chini kwenye bomba, karibu na mfereji. Wanawake walikuwa wakifua. Mmoja alikuwa amekanyaga jiwe la zege la miraba minne lililochomoza kwenye tope, anasugua kisigino chake kwa utaratibu, huku anapiga soga. Alipoinua mguu kuusuuza, Nabintu aliona namba.

Alimwomba asogee. Akainama, akalipangusa povu. Moja. Saba. Kumi na saba, imechongwa kwenye zege, na juu yake kuna herufi mbili zile zile zilizokuwa kwenye karatasi ya zamani.

"Jiwe hili limetoka wapi?" aliuliza.

"Litoke wapi?" yule mwanamke alicheka. "Tumelikuta hapa. Mama yangu alifulia hapa."

Nabintu aliweka jipiesi juu ya jiwe, akangoja namba zitulie. Kisha akazilinganisha na karatasi. Jiwe lilikuwa mita mia tatu kusini ya pale karatasi iliposema, na mita themanini hivi mashariki. Aliwaza labda lilihamishwa. Akafuata ukingo wa mfereji kwa mwelekeo wa lile linalofuata, akalipata la kumi na nane limefunikwa na majani ya viazi. Akapima. Mita mia tatu kusini, themanini mashariki. Akalipata la ishirini. Mita mia tatu kusini, themanini mashariki. Mawe hayahami pamoja, kwa mwendo mmoja, kama askari wa gwaride.

Alimpigia Obura simu palepale, miguu iko topeni. Kule Siaya alisikia watu wa matanga wakiimba kwa mbali. Alimweleza. Obura akamwambia azirudie zile namba.

"Dada, hiyo karatasi ya zamani unayo hapo? Angalia chini kabisa, pembeni. Pameandikwa nini?"

Aliinua nakala ile hadi machoni. Maandishi yalikuwa yamefifia, madogo kama sisimizi. "Arc," alisoma. "Arc 1960."

"Mungu wangu," alisema Obura. "Mungu wangu. Ni mimi. Sikukufundisha hilo."

Alimweleza polepole. Wapimaji wa zamani na satelaiti hawaanzii hesabu mahali pamoja. Kila mmoja ana umbo lake la dunia analolitumia kuhesabia, na kwa hiyo namba ile ile ukiisoma kwa hesabu ya zamani unaangukia mahali fulani, na ukiisoma kwa hesabu ya satelaiti unaangukia pengine. Kwa nchi ya Uganda tofauti hiyo ni karibu mita mia tatu. Kompyuta ingeweza kuirekebisha yenyewe, ilimradi uiambie namba zako ni za hesabu gani. Nabintu hakuiambia, kwa sababu hakujua kwamba kuna la kuambia.

"Ulimpa mtu ile ramani?" Obura aliuliza.

Nabintu alikuwa anaangalia jiwe la kumi na saba, halafu anaangalia upande wa ndani wa mpaka, hatua arobaini tu kutoka kwenye jiwe, ambapo lilionekana bati lenye tairi juu yake.

Alirudi ofisini, akaibadilisha ile hesabu kama Obura alivyomwelekeza. Bonde lote likateleza kwenye kioo, likashuka, likaukumbatia mfereji kama lilivyokuwa siku zote. Nyumba sitini na moja zikabaki nje, salama. Nyumba thelathini na nane zikaingia ndani. Ya kwake ilikuwa miongoni mwao. Ya Mzee Kiyimba, ile yenye msingi mrefu na vigae, ilikuwa miongoni mwao.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda Katwe moja kwa moja. Bisimwa alikuwa amechuchumaa katikati ya makelele ya nyundo, anachomelea lango, miwani myeusi usoni. Alipomwona mkewe katikati ya mchana, tope limemfika magotini, alizima mashine.

"Mtoto?"

"Mtoto mzima. Papa Darlène, kaa chini."

Alimweleza yote pale pale juu ya vyuma. Bisimwa alisikiliza bila kupepesa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, weye, na Mwalimu."

"Mwalimu yuko Kenya anazika mama yake." Alivua glovu, moja, halafu ya pili. "Tulikimbia Walungu. Tulikimbia Bukavu. Pale ni mahali pa kwanza mtu hajatuambia toka. Sasa unataka kwenda kutafuta watu waje watuambie, tena weye mwenyewe, kwa mdomo wako?"

"Mama Adyero ametoa paa lake, Papa Darlène."

Bisimwa alikuwa hajui. Aliganda, glovu mkononi. Chumba cha nyuma cha mwanamke yule ndicho Darlène alichojifunzia kutembea. Halafu aliishika nyundo, akaipiga ile fremu ya lango mara moja, kwa nguvu zake zote, karakana nzima ikageuka kutazama. Aliwasha mashine, akavaa miwani, akaendelea kuchomelea, na Nabintu akaondoka bila kujua kama ana mume bado.

Mkutano uliitishwa siku ya Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa shule moja. Walikuja wa juu na wa chini. Obura alikuwa amefika asubuhi ile ile, kanyolewa kichwa, nguo zimejikunja kwa safari. Aliomba aseme yeye. Nabintu alikataa.

Alisimama na ramani mbili. Aliongea Kiswahili, halafu Kiganda chake cha sokoni, halafu Kiswahili tena. Alisema ramani ya kwanza ilikuwa na kosa, na kosa ni lake, na aliitoa nje kabla ya kuikagua. Alisema waliopakwa rangi hawamo bondeni. Upande wa juu ukalipuka kwa vigelegele na vilio kwa pamoja. Hapo Nabintu alingoja. Kisha akasoma majina thelathini na nane, polepole, na la kwanza alilosoma lilikuwa la Bisimwa.

Mwanamke mmoja wa chini, aliyekuwa amekuja kutazama tu, aliangusha kikapu cha nyanya zikabingirika miguuni mwa watu, na hakuna aliyeinama kuziokota. Mzee Kiyimba alipolisikia jina lake aliinuka, kofia ikamwanguka.

"Yangu? Nyumba yangu mimi? Juma riripita mimi nje, reo mimi ndani? Hiyo nyumba iritoka matembezi?"

Wengine walianza kupiga kelele. Chomeni hiyo karatasi. Mkimbizi anatuchezea. Na mtu mmoja, fundi viatu kutoka Bungoma aitwaye Khisa, akauliza lile ambalo Nabintu alikuwa akiliogopa: "Ya kwanza ulituambia ni kweli. Hii ya pili nayo tutajuaje?"

"Msiniamini mimi," alisema Nabintu. Aliziacha ramani zote mbili mezani. "Msiamini hata karatasi. Twendeni mkayaguse mawe kwa mikono yenu."

Wakaenda. Umati ulishuka kama mto, watoto mbele, na Nabintu na jipiesi yake katikati. La kumi na saba wakalikuta. La kumi na nane. La kumi na tisa namba zilisema liko mahali penye takataka. Khisa mwenyewe akachimba, chepe likagonga zege kwa kina cha dhiraa moja, akaruka kana kwamba limemng'ata. Alipoifuta namba watu walishika vichwa. La ishirini na mbili liliwapeleka hadi uani kwa Mzee Kiyimba, ndani ya banda la kuku. Mzee aliweka mikono mlangoni kuwazuia, halafu akaitoa. Kuku wakatolewa. Jiwe lilikuwepo, limelowa kinyesi, miaka yote limekuwa ngazi ya kupandia kuku. Mzee Kiyimba alilitazama, kisha akakaa juu yake. Ndiye aliyetia muhuri barua za vibanja vyote vya chini, na kila mtu pale alilikumbuka hilo kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemgusa. Waliondoka, wakamwacha na kuku wake.

Mwishowe yalipatikana mawe ishirini na tisa. Kamati ililazimika kuukubali mstari wa pili. Watu wa chini walipewa mwaka mmoja na nusu badala ya siku thelathini, kwa sababu Obura alisimama kila kikao akidai hivyo, na kwa sababu sasa hata mwenyekiti alikuwa upande wao. Wengine walilipwa kidogo, wengine walingoja sana. Mzee Kiyimba alihamia kwa mwanawe Wakiso. Kuna wa chini ambao hawakumsalimia Nabintu tena, na kuna mtu aliyemwagia maji machafu mlangoni, hakumjua ni nani.

Bisimwa hakungoja huo mwaka na nusu. Jumamosi moja Nabintu aliamka akamkuta mumewe yuko juu ya paa. Tairi lilikuwa limeshatupwa chini. Aling'oa mabati moja moja, akayapanga, misumari akaitia kwenye kopo.

"Unafanya nini?"

"Mabati ishirini na manne," alisema. "Ya Mama Adyero yalikuwa ishirini na mawili."

Aliyapandisha kwa mkokoteni hadi juu. Mama Adyero alikuwa amerudi kwenye kuta zake siku ile ile ya mawe, akiezeka turubai. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akatazama siku nzima Bisimwa akigongelea. Jioni alimletea chai na siagi ya simsim. Nabintu, aliyekuwa akishikilia ngazi, hakupewa kikombe. Hakulalamika. Walihamia muzigo mmoja, chumba cha kupanga huko Kawempe, wote watatu, na Nabintu aliendelea na kazi ya ramani kwa sababu Obura alikataa kumwacha aiache.

Ilipita miezi kumi na moja. Asubuhi moja ya mvua Nabintu alikuwa ofisini, akimwonyesha mwanafunzi mpya jinsi ya kuiambia kompyuta namba zake zimetoka kwenye hesabu gani, mlango uliposukumwa. Mama Adyero aliingia, mwavuli unatiririka maji, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Nabintu alisimama ghafla, kipanya kikaanguka kikaning'inia kwa waya wake.

"Jirani yangu amesogeza ua," alisema Mama Adyero. "Anasema ni wake mpaka kwenye mfenesi. Nataka upime."

"Mimi, mama?"

"Hao wengine siwajui."

Nabintu aliitoa jipiesi kwenye droo. Mama Adyero alimngoja pale mlangoni, mwavuli ameufungua tayari, nusu yake ameielekeza upande ule ambako hakuna mtu aliyesimama bado.